Wewe Si Jibu la Maombi Yao

Mutuma mwanangu,

Barua hii bado huwezi kuisoma. Unaenda miaka mitatu, na kitabu unachokijua ni kile cha hesabu ulichonitafunia pembe. Naiandika hata hivyo, kwa sababu kesho baada ya Misa Anti Karimi atakubeba akupeleke kwake Kinoru, na Jumatatu mimi nitaingia bweni, kidato cha pili, na kuna mambo ambayo mdomo wangu haujawahi kuyaweza. Kwa kalamu huwa najiweza kidogo. Nitaikunja niiweke chini kabisa ya sanduku langu la shule, na siku utakapojua kusoma nitakupa mkononi.

Sitaandika habari za sweta, wala za uji, wala kwamba ukiamka ukilia unataka kusuguliwa mgongo tu, si kubebwa. Hayo nimemwambia Anti na ameyashika vizuri kuliko nilivyotaka ayashike. Nataka kukuandikia kuhusu maombi, na nataka niandike nikiwa bado na hasira. Nikipoa nitaanza kuandika kama mtoto mwema, na mtoto mwema nimekuwa kwa muda mrefu mno.

Umezaliwa ndani ya jumuiya. Ni nyumba chache za mteremko huu wetu wa majani chai, juu ya Nkubu, na kila Jumamosi alasiri tunakutana kwa mmoja wetu, zamu kwa zamu. Kwa kuwa wamo manesi wa hospitali waliotoka mbali, tunaomba kwa Kiswahili, hata wazee ambao Kiswahili chao kinachechemea. Mwenye nyumba hutandika kitambaa cheupe mezani, huweka msalaba na mshumaa, na huazima viti kwa jirani. Tunasoma Injili ya kesho yake, tunagawana neno, halafu yanakuja maombi ya kila mtu. Hapo anayetaka hutoa nia yake kwa sauti, anamaliza kwa kusema "Ee Bwana," nasi sote tunaitika, "Twakuomba utusikie." Kisha matangazo, kisha chai.

Ni kitu kizuri. Nalisema hili mapema ili usije ukafikiri mama yako alichukia sala. Ninachokichukia ni kile tulichoifanyia.

Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wanaongea na Mungu. Halafu siku moja Mama Gatwiri, mwenyekiti wetu, alifumba macho akasema, "Tumwombee ndugu yetu mmoja, ambaye ng'ombe wake hulala ndani ya mahindi ya jirani. Umpe, Baba, moyo wa kununua kamba. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," tukaitika, na mwenye ng'ombe akaitika nasi, kwa sauti nene, kabla hajajua ni yeye.

Wakati wa chai alimsogelea. "Mama Gatwiri, ni ng'ombe gani huyo unayemsema?"

"Mimi nilikuwa naongea na Mungu. Wewe ulikuwa unasikiliza ya nini?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nilicheka. Kamba ilinunuliwa. Lakini tangu siku hiyo nilianza kusikiliza, na nikagundua kwamba maombi mengi ya kwetu yana anwani ya mtu aliyeketi kwenye benchi. Mkwe anaombewa apunguze uvivu. Mume anaombewa aione njia ya nyumbani kabla giza halijaingia. Mungu anatajwa mwanzo na mwisho, kama bahasha.

Kulikuwa na ombi moja tu ambalo halikuwa la kumpiga mtu. Anti Karimi, dada ya baba yangu, aliolewa Kinoru, Meru mjini, na hakupata mtoto. Kila zamu yetu ya kuwa wenyeji ilipofika, alikuja akaketi karibu na mlango, na Mama Gatwiri akasema, "Tumwombee dada yetu Karimi apate mtoto. Ee Bwana." Nilikuwa darasa la nne nilipoelewa maana ya ombi lile. Nililichukulia moyoni, Mutuma, kama mtoto anavyochukua vitu. Kwaresima moja niliacha sukari kwenye chai kwa ajili yake, bila kumwambia mtu. Niliitika "utusikie" kwa nguvu kuliko watu wazima. Miaka mingi nilimwomba Mungu ampe Anti mtoto, na sikuwahi kujiuliza atatoka wapi.

Sasa nifike kwako.

Sitaandika habari za baba yako hapa. Siku ukitaka kujua utaniuliza, nami nitakujibu uso kwa uso. Nitakuandikia tu namna nyanya yako alivyojua kwamba upo. Nilikuwa kidato cha kwanza, na nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeanza kuvaa sweta hata jua likiwaka. Jumamosi moja, nyumbani kwa nesi mmoja, Mama Gatwiri alifumba macho yake.

"Tuwaombee mabinti wa jumuiya hii. Hasa yule mmoja anayevaa sweta mchana wa jua kali, na mama yake bado hajaona. Ee Bwana."

Mama yangu alikuwa ameketi kando yangu, kichwa ameinamisha, mikono yake imejaa weusi wa majani chai. Aliitika wa kwanza, kwa sauti safi: "Twakuomba utusikie." Kisha nikamwona akifumbua macho. Hakunitazama usoni. Alitazama sweta.

Tulirudi nyumbani. Alipofungua mlango alisema tu, "Kendi, wote walijua kabla yangu. Hata manesi waliotoka Kitui."

Mama Gatwiri angeweza kuja kwetu siku yoyote. Kati ya mlango wake na wetu kuna ua mmoja wa vichaka. Angeweza kumwita mama kando pale kituo cha kuuzia majani. Alichagua kumwambia Mungu huku watu wote wakisikiliza, na mpaka leo anaamini alinitendea wema. Nimejaribu kumsamehe. Huwa nafika katikati narudi.

Kosa langu mimi lilikuwa kunyamaza. Hujui jinsi mama yako alivyo mwoga wa sauti yake mwenyewe. Darasani najua jibu na mkono haupandi. Katika jumuiya, tangu utotoni, nia yangu nilikuwa naitoa moyoni tu, nikijiambia kwamba Mungu anasikia hata kimya. Naamini bado kwamba anasikia. Lakini watu hawasikii kimya, Mutuma. Wanakijaza. Mwaka wote ule, na mwaka uliofuata nikikunyonyesha nyuma ya jikoni na kitabu gotini, watu walitoa nia zangu badala yangu, na mimi nikawa naitikia. Waliniombea nitubu, nikaitikia. Waliniombea "aibu iondoke katika nyumba hii," wakati aibu hiyo ilikuwa mapajani pangu ikinyonya kidole gumba, nami nikaitikia. Nakuomba radhi kwa hilo moja. Ulikuwa bado hujajua maneno, lakini nilikuwa nimekushika.

Halafu nikapata nafasi ya kurudi shule, ya bweni, na furaha yangu ikadumu kama wiki. Nyanya yako mgongo umeisha. Hawezi kuchuma chai na kukukimbiza wewe, na chai ndiyo inayotulisha. Jambo hilo lilikuwa letu wawili, mimi na yeye, tulizungumze jikoni. Likapelekwa kwenye jumuiya. Mama Gatwiri akasema tuliombee, tukaimba, tukanyamaza kidogo, na alipofumbua macho jibu alikuwa nalo tayari.

"Ndugu zangu, tuliomba miaka mingi Karimi apate mtoto. Mungu hujibu kwa njia zake. Mtoto si huyu hapa?"

Ungeona nyuso zilivyofunguka. Ilikuwa kama mtu ametatua hesabu ngumu ubaoni. Kendi arudi shule, Karimi apate mtoto, mtoto apate nyumba ya mawe na baba wa kumwita baba, na jumuiya ipate ushuhuda wa kutoa parokiani. Kila mtu alipata kitu. Nesi mmoja tu, yule mrefu, aliuliza kwa upole, "Mama ya mtoto anasemaje?" Wote wakanigeukia. Nikatazama kitambaa cheupe. Mama Gatwiri akasema, "Amenyamaza. Amekubali."

Nyumbani nililia nikamwambia mama, "Kwa nini hukusema kitu?"

"Wewe ndiye mama yake," akanijibu. "Kwa nini wewe hukusema?"

Tangu hapo Anti Karimi ameanza kukuita Baraka. Jina lako ni la baba yangu, kama desturi yetu ilivyo kwa mtoto wa kwanza wa msichana aliye kwao, na baba yangu alikuwa kaka yake Anti, wa tumbo moja. Amelifuta jina la kaka yake mwenyewe. Analeta viatu, anasema, "Baraka, njoo kwa Mami," na wewe unaendelea kuchimba udongo. Mungu akubariki kwa kuwa kiziwi hivyo.

Sikatai uende. Nataka ulielewe hili utakapokuwa mkubwa na watu wamekwisha kukusimulia mengine. Mgongo wa nyanya ni kweli, shule ni kweli, na Anti atakulisha na kukupenda, hilo sina wasiwasi nalo. Ninachokataa ni usirudi. Ninachokataa ni wao kukuchukua kutoka kwangu kisha waniambie nimshukuru Mungu, eti ndiye aliyekuchukua. Kama Mungu alitaka kumpa Anti mtoto, alijua njia ya kwenda Kinoru. Hakuhitaji kupitia dirisha langu kama mwizi. Namjua Mungu kuliko hivyo. Nimezungumza naye kimya miaka yote hii, na hana tabia hiyo.

Kuna jambo linalonizidishia hasira, nalo lazima nilitie humu ili niwe mkweli. Watu hawa wanajua kuomba. Baba yangu alipofariki, kabla hujazaliwa, Mama Gatwiri alikuja asubuhi, akaketi na mama sakafuni jikoni, akavuta gunia la maharagwe yaliyokuwa hayajapukuchuliwa, akaanza kupukuchua. Wengine wakaja, wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyesema Mungu ana mpango. Hakuna aliyeimba. Mchana wote ilikuwa sauti ya maharagwe yakianguka kwenye ungo, na mtu mmoja akishika mkono wa mama kila uliposimama kufanya kazi. Jua lilipoanza kwenda, Mama Gatwiri alisema Baba Yetu, polepole, na sisi tukaisema naye kama watu wanaobeba kitu kizito wakipandisha kilima. Sijawahi kuwa karibu na Mungu kama siku ile. Wangekuwa hawajui, ningewaacha na ujinga wao. Lakini wanajua. Kwa baba yangu walijua. Kwangu na kwako waliona hakuna haja.

Leo zamu ilikuwa yetu. Ndiyo sababu viti vya watu bado vimepangwa ukutani na wewe uko uani na makombo ya mandazi shingoni. Walikuja wote kukuaga. Anti aliketi karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, ila safari hii alikuwa amekupakata, na juu ya shati lako amekuvisha koti jipya lenye vifungo vya dhahabu. Tulisoma, tukaimba. Ulipiga makofi nje ya wimbo. Kisha Mama Gatwiri akafumba macho.

"Tunakushukuru, Baba, kwa mtoto Baraka uliyempa dada yetu Karimi. Awe wake siku zote za maisha yake. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

Na baada ya wote kunyamaza, wewe peke yako, kwa kuchelewa, kama kawaida yako: "Tusikie!" Watu wakacheka kidogo, macho yamefumbwa.

Mimi sikuitika. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Sikujua kwamba kutoitika kunaweza kumfanya mtu atoke jasho. Nikasikia mtu anaanza kuongea, sauti nyembamba, inayopasuka, na nilipoitambua ilikuwa yangu.

"Kwa ajili ya mwanangu Mutuma," nikasema. "Anaenda Kinoru kwa Anti Karimi kwa sababu mimi naenda shule, na mama yangu anaumwa mgongo. Hakupewa mtu. Siku nitakapomaliza mtihani wa kidato cha nne nitaenda kumchukua, na kila mmoja aliye ndani ya nyumba hii atanisaidia kumrudisha, na asiwepo wa kunizuia. Ee Bwana."

Mutuma, wewe unajua jinsi tulivyofundishwa. Midomo haingoji akili. Waliitika wote, kwa sauti moja, kama ngoma: "Twakuomba utusikie." Mama Gatwiri aliitika. Mwenye ng'ombe aliitika. Anti Karimi aliitika, nilikuwa namwangalia, kinywa chake kikabaki wazi baada ya neno la mwisho kana kwamba anataka kulirudisha ndani. Na mama yangu aliitika wa mwisho, peke yake, na yeye ndiye pekee ambaye najua alikuwa amelisikia ombi lote kabla ya kulijibu.

Kisha wewe: "Tusikie!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Gatwiri alifumbua macho. "Kendi," akasema, "hayo si maombi. Hayo ni matangazo. Matangazo yana wakati wake."

"Nilikuwa naongea na Mungu, Mama Gatwiri," nikamjibu.

Nesi mrefu alikohoa ndani ya leso, na mwenye ng'ombe akatazama dari kwa bidii kubwa. Sijui kama nilichofanya kilikuwa kitakatifu. Nadhani kilikuwa na ubaya ndani yake, maana nilitumia silaha yao ileile, na nilifurahi kuiona ikikata. Siku nyingine nitakitubia. Leo hapana.

Chai ilinywewa haraka. Walipoondoka niliingia jikoni kuosha vikombe, na Anti, anayelala kwetu leo, akanifuata, akasimama karibu nami na kuanza kusuuza. Tuliosha vikombe vingi.

"Umenifunga," akasema mwishowe.

"Umejifunga mwenyewe, Anti. Mimi nilisema 'Ee Bwana' tu."

"Mbele ya watu, Kendi. Mbele ya watu!"

"Hata mimi yangu yote yalifanywa mbele ya watu."

Akaweka kikombe chini. "Unajua nimeombewa miaka mingapi?"

"Najua. Nilikuwa nakuombea."

"Ulikuwa unaniombea nini?"

"Upate wako," nikasema.

Alisuuza kikombe kilichokuwa kimekwisha kusuuzwa. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mtu wa mjini, ilikuwa ya mtu wa huku, wa mlango wa pili kutoka kwetu. "Na akinizoea? Utakapokuja, akiwa amenizoea, mimi nitafanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mashauriano yote isipokuwa hilo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia ninaliogopa, kutoka upande wa pili, kwamba nitafika getini kwake na utajificha nyuma ya gauni lake. Badala yake nilikitwaa kikombe mkononi mwake nikakifuta. Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana. Alifuta mikono yake kwenye aproni niliyokuwa nimeivaa, bila kuniomba ruhusa, kama watu wa nyumba moja wanavyofanya. Tulibaki kimya, na kimya chenyewe kilikuwa na kelele za vyombo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maharagwe nilihisi kwamba tunamngoja Mungu yuleyule, mimi na yeye. Sijui kama hiyo ndiyo sala. Kama ndiyo, ni sala ya pamoja, na hakuna aliyeiongoza.

Kinoru nako kuna jumuiya. Watakuvalisha soksi nyeupe wakupeleke, nao watakuwa na Mama Gatwiri wao. Nenda. Usikae nyumbani kwa ajili ya hasira yangu, hasira hii ni yangu na inanitosha. Mtu akitoa nia yake, msikilize mpaka neno la mwisho, halafu ndipo uitike. Jibu kwa kuchelewa, hivyo hivyo unavyojibu sasa, hata wakikucheka. Na wakija kukuambia kwamba wewe ndiye jibu la maombi yao, waambie kwa adabu kwamba una mama, na kwamba na yeye anaomba.

Niandike jambo moja nililoliona sasa hivi, kabla sijakunja karatasi. Ulikuwa uani, umevua lile koti la vifungo, unamvisha mbuzi. Anti alitoka jikoni na beseni la maji ya kukuogesha. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaita, si kwa sauti kubwa:

"Mutuma."

Ukageuka.

Mimi niliyekuzaa, na nitakayekuja,

Mama yako, Kendi